Mgeni Ametua Heathrow: Kabla Hujampandisha Basi



Wengi wetu tunaoishi Birmingham, Leicester, Bristol na kwingineko nje ya London, mgeni akitua Heathrow tunamkatia tiketi ya basi. Mara nyingi ni nafuu kuliko treni, na linaondokea pale pale uwanjani. Sina ubaya na basi, hata mimi napanda. Leo nataka tuzungumzie miguu ya huyo mgeni, hasa akiwa ni mama au baba mtu mzima.

Tupige hesabu. Mtu katoka Arusha kwa basi kwenda kupandia ndege Nairobi, saa tano au sita amekaa. Ndege hadi London ni saa nane au tisa. Halafu tunamkalisha tena saa tatu hivi kwenda Birmingham, na foleni ya M25 ikiwa mbaya ni zaidi. Sisi tunahesabu safari tatu. Kwa damu ya miguuni ni kikao kimoja kirefu.

Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi moyoni. Ukikaa tu, damu inakwenda polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika likafika kwenye mapafu, linaweza kuua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha hatari hii huongezeka kama mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari. Msishtuke sana: kwa mtu mwenye afya anayeruka zaidi ya saa 4, ni kama mmoja kati ya 6,000. Ila mzee, mjamzito, mnene sana, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya majira au aliyewahi kuganda damu, huyo aongee na daktari kabla ya safari, aulizie na soksi za kubana. Asijinunulie aspirini akadhani ndiyo kinga.

Wazee wetu wana tabia ya kukataa maji safarini wakiogopa kwenda chooni. Akina mama ndiyo zaidi, wanaona haya kumwamsha jirani. Mwambie mapema kuwa mabasi mengi ya masafa marefu yana choo ndani, kwa hiyo anywe.

Kuhusu tiketi, usikate ya basi linaloondoka dakika arobaini baada ya ndege kutua. Kuna foleni ya pasipoti, kuna mizigo, na akishukia terminali 4 au 5 huenda akahitaji kupanda treni ya bure hadi kituo kikuu cha mabasi, kilicho kati ya terminali 2 na 3. Mwachie saa mbili au tatu, na ikiwezekana chukua tiketi inayobadilishika. Muda ukibaki, asiketi kwenye benchi na masanduku, atembee. Ndani ya basi afunge mkanda, na kila baada ya nusu saa ainue na kushusha visigino mara kadhaa. Dawa za presha na insulini zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti la basi. Mwenye kisukari awe na kitu cha kula, foleni haina adabu.

Akishafika nyumbani bado mwangalie kwa wiki nne hivi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa na moto kuliko mwenzake, piga 111 siku hiyo hiyo. Vipeperushi vingi hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo shika kwa mkono na ulinganishe. Akihema kwa shida ghafla, kifua kikimuuma au akikohoa damu, piga 999. Usisite kwa kuogopa bili: England, huduma ya kitengo cha dharura haitozwi hata kwa mgeni. Bili inaweza kuja akilazwa, ndiyo maana bima ya safari inakatwa kabla hajaondoka nyumbani.

Na mkifika hospitali, mtajie muuguzi wa kwanza safari yote, ndege na mabasi. Mzee mwenyewe atasema ni uchovu tu.