Vuli Yetu Haina Majani Mekundu

Kamusi zetu hulipa neno vuli kazi mbili. Kwa Ulaya na Marekani ni majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kijana wa studio hapa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, aliyejifunza kamera kwa video za mtandaoni anaijua vuli ile ya kwanza: maji meupe kama pamba, majani mekundu juu ya mawe. Anaingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru, anafika maporomoko ya Makalia upande wa kusini, anakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na anarudi amevunjika moyo. Mimi namwambia arudi kulekule, aipige vuli iliyopo.

Maporomoko ya Makalia ni ya msimu. Kiangazi kikikaza, hubaki uzi mwembamba au mwamba mtupu. Mvua ikishika msitu wa Mau, mto unakoanzia, yananguruma. Novemba jua limehamia kusini, upande uleule mto unakotokea, na kufikia saa 4 asubuhi liko juu na ni kali. Kwa hiyo fika mapema, au usubiri wingu. Wingu zito, ambalo mtalii hulinung'unikia, ndilo rafiki wa maporomoko: linapunguza tofauti kati ya povu na mwamba.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yote. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ikiona mwamba mweusi na vichaka vyenye kivuli, huongeza mwanga, na povu linaungua: linakuwa doa jeupe lisilo na umbo, na hakuna programu itakayolirudisha. Pima povu peke yake, kisha ongeza hatua moja na nusu (kila hatua ni mwanga mara mbili). Kwa simu, gusa povu kwenye kioo, shikilia hadi kipimo kijifunge, halafu pandisha alama ya jua kidogo kidogo. Povu likianza kupoteza nyuzi zake, umepita kiasi. Vivuli vikibaki vyeusi, viache.

Sasa muda wa shata. Chini ya wingu, ukiweka ISO 100 na tundu la f/16, utapata karibu 1/15 ya sekunde. Ukifunga kichujio cheusi cha hatua tatu, utafika nusu sekunde. Usikimbilie f/22 ili kuurefusha muda, kwa sababu tundu dogo mno huufanya mwanga utawanyike na picha ikapoteza ukali. Stendi ya miguu mitatu ni lazima, na isimame juu ya mwamba, si juu ya tope linalodidimia.

Maji maangavu hustahimili sekunde mbili na yakapendeza. Maji yenye udongo hayastahimili: kwa muda huo povu na tope huchanganyika, ukapata ukuta wa uji. Kwa Makalia ya Novemba napenda 1/8 hadi 1/4. Nyuzi nyeupe hubaki zimejitenga na kahawia, na mtazamaji anauhisi uzito wa mto.

Rangi ya majani mekundu utaitafuta kwingine. Magome ya manjano ya migunga hung'aa yakilowa, kwa hiyo sogea hadi shina moja likae pembeni mwa picha, nalo liyapishe maporomoko. Kichujio cha polaraiza kitaondoa mng'ao wa maji juu ya mawe na majani, ingawa kitakula kama hatua moja na nusu ya mwanga. Ukisogea, tazama nyuma yako pia; hifadhi hii ina nyati.

Na lile tope usilifiche. Mto Makalia, kama mito ya Nderit na Njoro, hutoka Mau Mashariki, msitu ambao serikali ilitenga sehemu yake kubwa kwa makazi mwaka 2001. Udongo uliokosa mizizi ya kuushika hupita mbele ya lenzi yako ukielekea ziwani. Kamera ikiachwa ijichagulie rangi, huelekea kuisafisha kahawia hiyo. Iweke kwenye mpangilio wa mawingu, ufunge hapo, uandike mwamba uliosimama juu yake na muda wa shata, ili picha ya vuli ijayo iweze kuwekwa kando ya hii.