Kabla ya Wembe, Maneno

Shule zinapofungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, vijiji vya kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, huingia msimu wa tohara. Ya wavulana haifichwi: wimbo wa esimbore husikika barabarani, jamaa hukusanyika, kuku huchinjwa na zawadi hutolewa. Zamani hata ya wasichana ilikuwa na shangwe zake. Siku hizi hufanywa kwa siri, usiku au alfajiri, mlango ukiwa umekomewa, na mtoto hukanywa asije akamwambia mwalimu.

Sheria imeisukuma desturi hiyo mafichoni, ila bado haijaikomesha. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2008–09 ulionyesha kwamba wanawake 96 kati ya kila 100 wa Abagusii, jamii ya kaunti hizo, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa 84. Kwa Kenya nzima kiwango kilikuwa asilimia 27, kikashuka hadi 21, na mwaka 2022 kikafika 15. Takwimu hizo huwajumlisha kina mama waliokatwa miongo mingi iliyopita, kwa hiyo hushuka polepole hata pale ambapo wasichana wa leo wameachwa salama. Hata hivyo, pengo kati ya Gusii na nchi nzima ni kubwa mno.

Kwa nini? Jibu liko katika mambo ambayo mtoto huambiwa kuhusu mwili wake mwenyewe.

Msichana huandaliwa kwa maneno tangu akiwa mdogo. Binamu aliyemtangulia humwita egesagane, yaani msichana ambaye hajatahiriwa, na hulitamka jina hilo kama tusi. Wenzake wa rika humtenga kwenye michezo. Nyanya humwambia kwamba hataacha utoto, hatatulia, hatapata mume. Shangazi huuliza mbele ya wageni wazazi wanangoja nini. Hayo yakirudiwa mwaka hadi mwaka, mtoto huanza kuamini kwamba amezaliwa na kasoro, na wapo wanaoomba wenyewe wapelekwe. Watafiti Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi Gusii miaka ya 1950, waliliona jambo hilo hilo: wasichana wakiwasihi mama zao, kwa hofu ya kuachwa nyuma na wenzao.

Shinikizo hilo lina mizizi. Abagusii wamepakana na Waluo, ambao hawana desturi ya kuwakata wasichana, na kwa vizazi vingi alama hiyo ya mwilini ilihesabiwa kuwa mpaka kati ya jamii na jamii. Tena Mgusii haoi ndani ya ukoo wake. Bibi arusi huingia mgeni katika boma la mumewe, mbele ya mama mkwe na wake wa mashemeji, na mama mzazi huogopa kumpeleka binti mahali ambapo atasimangwa. Wengi wanaompeleka mtoto kwa ngariba wanampenda. Wanachoogopa ni fedheha inayomngoja.

Msichana huyo huyo akishika simu, hukutana na shinikizo lingine. Huko anaambiwa ngozi yake ni nyeusi mno, kiuno chake si chembamba, na krimu ya kumng'arisha inauzwa. Mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye wazazi wake wanatoka upande wa Nyanza wa Waluo, alieleza Februari 2014 jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu usiku aamke akiwa mweupe. Mambo mawili yalimsaidia: kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kwa weusi wake, na mama aliyemfundisha kwamba uzuri wa sura hauwezi kumlisha mtu. Kisha mwaka 2019 akachapisha kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana anayejifunza kuipenda rangi yake. Nyumbani kwao palimtetea. Binti wa Gusii mara nyingi hushambuliwa kutoka pande zote mbili.

Kadiri elimu ya afya ilivyoenea, familia nyingi zilibadilisha mkataji tu, zikaiacha desturi kama ilivyo. Kisii imekuwa miongoni mwa maeneo ya Kenya ambako wahudumu wa afya hushiriki sana ukeketaji, kwa glavu, ganzi na wembe mpya. Wazazi hujiliwaza kwamba ni salama. Shirika la Afya Duniani husema ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya, hata ukifanywa na daktari. Unaweza kuleta kutokwa na damu, maambukizi, matatizo ya uzazi na majeraha ya moyo. Na sindano ya ganzi haimwondolei mtoto lile alilokwisha kuambiwa, kwamba jinsi alivyo hatoshi.

Sheria ya Kenya ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji imelitambua hilo. Mkosaji hufungwa miaka isiyopungua mitatu au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, na mtoto akifa, adhabu ni kifungo cha maisha. Ridhaa ya aliyekatwa si utetezi. Kifungu cha 25 kinakwenda mbali zaidi: anayemtusi au kumdhihaki mwanamke kwa kuwa hajakeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke wa namna hiyo, anaweza kufungwa miezi isiyopungua sita au kutozwa faini isiyopungua shilingi 50,000. Daktari Tatu Kamau alipoipinga sheria hiyo, akitaka wanawake wazima waruhusiwe kuchagua, Mahakama Kuu ilikataa ombi lake Machi 2021, kwa sababu shinikizo la jamii huufanya uhuru huo wa kuchagua kuwa mgumu.

Kifungu hicho cha 25 kinastahili kusomwa kanisani, kwenye baraza la chifu na katika mikutano ya wazazi kabla shule hazijafungwa. Baba ana nafasi ya pekee: akitamka mbele ya mama yake na dada zake kwamba binti yake hatakatwa, na kwamba hataki kusikia tusi lile nyumbani mwake, mtoto hubaki na mtu wa kumkingia kifua. Anayehofia kwamba msichana wa jirani yuko hatarini anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ya watoto, au 1195 ya ukatili wa kijinsia, hata kabla ya Desemba.