Mawazo Mengi na Mwili Unaouma

Ndugu wanakikundi, je, kwenu yuko mtu kama huyu? Kichwa kinamuuma, mgongo unamkaza, usiku halali, moyo unadunda. Anaenda dispensari, anapimwa, anaambiwa hakuna ugonjwa ulioonekana. Akirudi nyumbani watu wanasema, "Huyo ni mawazo tu." Hilo neno "tu" ndilo baya. Maumivu yake ni ya kweli kabisa.

Fikiria uko shambani, fahali akate kamba na kukujia. Papo hapo tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga homoni kwenye damu. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, ini linatoa sukari ili miguu ipate nguvu, tumbo nalo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Ukisharuka fensi, mwili unatulia polepole.

Lakini deni la karo halina fensi ya kuruka. Unalala nalo, unaamka nalo. Mwili nao unaendelea kujitayarisha kukimbia, mwezi baada ya mwezi. Shingo inakaza mpaka kichwa kinauma. Usingizi unapotea, na asiyelala husikia maumivu zaidi. Wengine wanatafuta usingizi kwa pombe, kumbe pombe nayo inapandisha presha.

Hapa kwetu kuna mizigo mizito kuliko deni. Wako waliohamia pande hizi za Nakuru baada ya kufukuzwa makwao mwaka 1992, wengine 2008. Jirani zetu wa Solai nao wanaukumbuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipopasuka na kuua watu zaidi ya 40. Mtu aliyepitia hayo akishtuka mvua kubwa ikianza, msimcheke. Mwili wake umekumbuka kabla yeye mwenyewe hajafikiria.

Hata hivyo, tusisukumie kila kitu kwa mawazo. Vidonda vya tumbo vilisemwa hivyo miaka mingi, mpaka madaktari wawili wa Australia, Marshall na Warren, walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba vingi vinaletwa na vijidudu, na dawa inaviponya. Presha nayo ina mambo ya chumvi, umri na urithi. Ikipimwa siku tofauti na kufika 140 kwa 90 au zaidi, itibiwe. Mtu asiache vidonge eti kwa sababu amemaliza deni.

Kwa mawazo yenyewe, kikundi kinaweza kufanya kazi kubwa. Huko Dagoretti, Nairobi, utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 421 waliokuwa na dhiki. Baadhi yao walikutana mara tano na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa, siyo madaktari. Walifundishwa kupumua polepole, kuchagua shida moja inayowezekana na kuipangia hatua, kurudia shughuli walizoacha, na kutafuta watu wa kuwasaidia. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida ya kliniki.

Kwa hivyo mwenzenu akikosa mikutano miwili, msikimbilie kumpiga faini. Wawili waende kwake, wakae, wasikilize bila kumkatiza. Yatakayosemwa huko yasirudi mkutanoni. Lakini akisema amechoka kuishi, hiyo siyo siri ya kuficha: asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali, hata kama ni kwa bodaboda ya kukopa.