Mizani Iko Getini, Mkungu Uko Kichwani

Nilikwenda Marangu kuandika habari za wagumu, wale wapagazi wanaopandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro. Kwenye geti la hifadhi kila mzigo hupimwa, na kikomo ni kilo 20. Ukizidi, kitu kinatolewa. Nilikuwa nimeshaandika hayo daftarini, nateremka zangu kuelekea Marangu Mtoni, nilipomkuta mama mmoja kando ya njia. Alikuwa ametua apumzike, mkungu wa ndizi mshare uko miguuni pake, naye anatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtwisha.

"Shikamoo mama. Nikutwishe?"

"Marahaba mwanangu." Akanitazama mikono, akacheka. Akaniambia nisimame pembeni tu, nisije nikamwangusha.

Kilichofuata hakikufika nusu dakika, nacho ndicho kilichonifanya niachane na wagumu. Alisokota kanga kuukuu ikawa ngata, akaiweka utosini. Akachuchumaa mgongo umenyooka, nyonga zimeshuka hadi karibu na visigino, mguu wa kushoto umetangulia kidogo. Akaukumbatia mkungu, akauviringisha mpaka ukapanda juu ya goti. Hapo akatulia. Niliona mbavu zikifunguka anavuta pumzi. Kisha akainuka kwa mapaja, kiuno hakina kazi, mkungu ukapita kifuani, na kabla haujapoteza mwendo akauzungusha ukavuka bega, yeye akaingiza kichwa chini yake. Ukakaa. Mkono mmoja ulibaki juu kwa hatua tatu nne, halafu nao ukashuka. Shingo haikuyumba.

Ana miaka 58. Jina lake hakutaka liandikwe. Alisema wateja wanazijua ndizi zake, inatosha.

Kwa nini nimeganda kwenye nusu dakika hiyo? Kwa sababu mwaka 2018 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, ambao mifupa yao ilikuwa imepungua msongamano. Kundi moja lilifundishwa kubeba vyuma vizito hasa, si vile vya kuchezea: kuinua uzito kutoka chini, kuchuchumaa nao mabegani, kuusukuma juu ya kichwa, pamoja na kuruka na kutua kwa kishindo. Nusu saa, mara mbili kwa wiki, miezi minane, msimamizi akiwa pale pale. Mifupa yao ya uti wa mgongo na nyonga ikawa na hali nzuri kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani. Waaustralia wanayahesabu kuwa mazoezi mbalimbali. Kiswahili kina neno moja tu, kujitwika, na ndani yake kuna kuchuchumaa, kuinua na kupandisha juu.

Si mara ya kwanza sayansi kuwatazama mama zetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu wanapotembea. Lakini waliopimwa walikuwa wanatembea na mzigo. Kuutoa chini mpaka kichwani ni habari nyingine.

Tuliteremka pamoja, mimi nikihema, yeye akizungumza. Nilipomtajia mazoezi alidhani namtania. Akaniambia kwamba mwaka juzi aliugua, binti yake aliyeko Moshi mjini akamchukua akae kwake apumzike. Miezi mitatu haendi shambani, hakati majani ya ng'ombe, kazi yake kukaa kwenye kochi. Aliporudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, akashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta.

"Kupumzika ndiko kulikonizeesha," alisema. "Nilianza na chane moja. Wiki nyingine mbili. Ndizi zenyewe zilinirudisha."

Daktari wa mazoezi asingempangia vizuri zaidi. Kuongeza kidogo kidogo ndiyo siri kubwa ya kujenga misuli, na Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima aifanyishe kazi misuli yake yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki. Kwa mama huyu siku mbili ni likizo. Ila binti, mwenye miaka 35, anakaa ofisini na hurudi kwa bodaboda. Ndoo ya lita 20, anasema mama yake kwa masikitiko kidogo, anaiinua huku ameshika kiuno.

Nilitaka makala iishie hapo, mama shujaa na binti legelege. Lakini goti la kulia la mama huyu huvimba. Kupanda si neno, kushuka ndiko kunakomuumiza, na usiku hulala ameweka mto chini ya goti. Zahanati walimwambia apunguze mizigo. Hawakumwambia nani ataibeba.

Wanawake wale wa Australia walikuwa na siku za kupumzika na mtu wa kuwaambia leo basi. Uzito wa mama huyu unapangwa na mgomba, na siku zake zinapangwa na soko. Ni lini kazi inajenga mfupa, na ni lini inaula? Na binti aanzie wapi, kwa chane moja?

Sokoni Marangu Mtoni niliomba mizani ya muuza viazi. Mkungu ulisoma kilo 26. Mgumu getini angepunguziwa kilo 6. Mama hakuuliza kuhusu kilo, aliuliza bei ya mshare leo; nyumbani alikuwa amebakiza mikungu miwili ya kuteremsha kabla ya Jumapili.