Je, Wajua? Baisikeli kuukuu ziliziokoa barabara nyeupe za Toscana

Katika vilima vya Chianti, mkoani Toscana, Italia, ziko barabara za changarawe nyeupe ambazo Waitaliano huziita strade bianche. Zinapanda na kushuka kati ya mizabibu na mizeituni, zikiunganisha vijiji vya mawe vya tangu Zama za Kati. Lami ilipozidi kuzinyemelea, mtu mmoja, Giancarlo Brocci, aliona njia ya kuzitetea: waendeshaji wapite juu yazo kwa baisikeli za zamani. Mwaka 1997, waendeshaji 92 waliondoka kijiji cha Gaiole in Chianti, na tamasha la baisikeli la L'Eroica, linalofanyika kila Oktoba, likazaliwa.

Masharti yake yanapendeza. Baisikeli iwe ya mbio, iliyotengenezwa kabla ya 1987. Gia zibadilishwe kwa vijiti vilivyo kwenye fremu, si kwenye usukani. Waya za breki zionekane wazi. Pedali ziwe na mikanda ya kufungia miguu. Ukikuta mteremko wenye kokoto, breki hizo za kale zitakufundisha subira! Kwenye vituo vya chakula njiani hakuna vinywaji vya maabara: watu hula ribollita, supu nzito ya mkate, maharage na mboga.

Njia ndefu kuliko zote ina kilomita 209. Imewekewa vibao, hivyo unaweza kuipita mwezi wowote bila kusubiri tamasha lenyewe. Tangu 2007, magwiji wa baisikeli duniani nao hushindana kwenye vumbi hilo katika mbio za Strade Bianche, zinazoishia uwanja wa Piazza del Campo, Siena.