Ajira ya Mkataba: Hesabu Mwaka, Usihesabu Mwezi



Jumapili moja mwaka jana mpwa wangu alinijia nyumbani na barua mkononi. Kijana huyu ni fundi wa kompyuta katika ofisi kuu ya kampuni moja hapa Uganda. Alikuwa na miaka saba kazini, ameajiriwa kwa kudumu, na mkewe alikuwa mja mzito. Barua ilisema kwamba kuanzia mwezi unaofuata mafundi wote sita wa kompyuta watafanya kazi kwa mkataba. Kila mmoja aandike barua ya kuacha kazi, kisha atie sahihi mkataba wa mwaka mmoja kwa wakala.

"Mjomba," aliniambia, "nimekuja unipongeze. Mshahara umepanda."

Nilimwambia aketi kwanza. Tukachukua kalamu na daftari la mtoto, tukaanza kupiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayoileta kwenu leo. Wengi wetu tulioko viwandani na mashambani tunadhani watu wa kompyuta hawana shida kama zetu. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kujumlisha na kutoa najua.

HESABU YENYEWE

Mshahara wake wa kudumu ulikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mkataba mpya ulimwahidi shilingi 70,000 kwa kila siku atakayofanya kazi. Zidisha kwa siku 22 za mwezi, unapata shilingi 1,540,000. Kijana aliona nyongeza ya shilingi 340,000, na alikuwa amekwisha kuulizia bei ya pikipiki.

Sasa tuhesabu mwaka. Kwa kazi ya kudumu anapata 1,200,000 mara 12, yaani shilingi 14,400,000. Juu ya hizo, mwajiri anamwekea asilimia 10 katika mfuko wa NSSF, mbali na asilimia 5 inayokatwa katika mshahara wake mwenyewe. Hiyo asilimia 10 ni shilingi 1,440,000. Jumla ni shilingi 15,840,000.

Kwa mkataba hali ni nyingine. Mwaka una siku za kazi 260. Toa siku 21 za likizo, kwa maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 kwa kila miezi 4. Toa na sikukuu, tuseme 13. Zinabaki siku 226. Mtu wa kudumu hulipwa siku zile anazopumzika. Mtu wa mkataba huu halipwi. Zidisha 226 kwa 70,000, unapata shilingi 15,820,000. Na NSSF ni juu yake mwenyewe, kwa kuwa karatasi inamwita mtu anayejitegemea.

Basi nyongeza iko wapi? Amepunguziwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na hapo hajaugua hata siku moja. Akilala na malaria wiki moja amepoteza shilingi 350,000. Sheria inamlinda mwajiriwa anayeugua kwa mshahara kamili wa mwezi mmoja. Mkataba ule haukutaja ugonjwa kabisa.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa nini basi wanaiita nyongeza?"

Nikamjibu kwamba hasara yote ya ugonjwa, ya uzee na ya kukosa kazi imetolewa mgongoni mwa mwajiri ikawekwa mgongoni mwake, na fedha ile ndiyo ujira wa kuibeba. Swali ni kama ujira huo unatosha.

SI JAMBO GENI

Ndugu zangu, mambo haya tunayajua. Nilipokuwa kijana kiwandani, wafungaji wa mizigo walihamishiwa kwa mwenye tenda. Kazi ni ile ile, mlango ni ule ule. Siku mwenzetu mmoja alipokatwa vidole, mwajiri alisema, "Huyu si mtu wangu." Mwenye tenda akasema, "Mashine si yangu." Na nyinyi mnaokata miwa na kuchuma chai mna visa vyenu vya namna hiyo.

Hata katika nchi zilizotengeneza kompyuta yametokea. Huko Marekani, karibu na mji wa Seattle, kampuni ya Microsoft ilikuwa na mafundi iliowaita wanaojitegemea. Walifanya kazi pamoja na waajiriwa wa kudumu, chini ya wasimamizi wale wale, kwa vifaa vya kampuni. Kwa saa walilipwa zaidi, lakini hawakupata mafao. Wengine waliitwa kwa kejeli "vibarua wa kudumu".

Idara ya kodi ya Marekani ilikagua mambo hayo mwaka 1989 na 1990, ikaona kwamba watu hao ni waajiriwa hasa. Kampuni ikawaajiri baadhi yao, na wengine wakaambiwa wapitie kwa wakala au waondoke. Mwaka 1992 wafanyakazi wanane walikwenda mahakamani. Walikuwa wametia sahihi karatasi inayosema wao si waajiriwa na kwamba mafao ni juu yao wenyewe. Hata hivyo mwaka 1996, na tena mwaka 1997, mahakama ya rufani iliwapa haki: karatasi haiwezi kubadili ukweli wa kazi. Desemba 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97 ili kumaliza mashauri hayo, fedha za kugawiwa maelfu ya wafanyakazi. Tangu mwaka 1998 mafundi wa huko walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, WashTech.

Karibu zaidi na sisi ni Nairobi. Huko vijana walikuwa wakikagua picha na maneno machafu yanayowekwa katika mtandao wa Facebook, ambao ni wa kampuni ya Meta. Mwajiri wao katika karatasi alikuwa kampuni nyingine, Sama. Mwaka 2023 kazi hiyo iliposimamishwa, zaidi ya wafanyakazi 180 waliungana kwenda mahakamani. Meta ilisema haihusiki. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Uamuzi huo haukuwa wa kulipwa, ila uliwafungulia mlango.

KIPIMO NI KAZI, SI KARATASI

Majirani zetu wa Tanzania wana kipimo kizuri katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Inatazama mambo haya: Nani anakuelekeza namna ya kufanya kazi? Nani anapanga saa zako? Vifaa ni vya nani? Je, unamfanyia kazi mtu mmoja tu, na riziki yako inamtegemea yeye? Je, kwa miezi mitatu umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi? Hata jambo moja likiwapo, sheria inakuhesabu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hapa Uganda, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi 4 si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi na haki walizo nazo wafanyakazi wengine. Kata maneno haya uyabandike ukutani.

Sisemi kila mkataba ni mbaya. Yuko fundi mwenye ujuzi wa nadra, mwenye wateja watatu au wanne, anayetaja bei yake mwenyewe, na anaishi vizuri. Lakini huyo alichagua. Mtu aliyeletewa barua siku ya Ijumaa ajibu Jumatatu hakuchagua.

WALIVYOFANYA

Nilimwambia mpwa wangu jambo moja kabla ya mengine yote: usiandike barua ya kuacha kazi. Mwajiri akitaka kuvunja ajira, aivunje yeye. Kwa mtu mwenye miaka mitano hadi kumi kazini, sheria inataka apewe notisi ya miezi miwili. Ukiandika mwenyewe kwamba unaacha, umeitupa haki hiyo.

Jumatatu alikuta wenzake wawili wamekwisha kuandika. Waliobaki wanne walikaa pamoja jioni, wakapiga hesabu ile ile, wakaenda ofisini pamoja na daftari lao. Mambo hayakuwa mepesi. Meneja aliwaambia kwamba wapo vijana wengi mitaani wanaojua kompyuta. Nao wakamjibu kwamba vijana hao hawaijui mitambo yake.

Baada ya wiki tatu walilipwa notisi ya miezi miwili na likizo walizokuwa wakidai. Malipo yakawa shilingi 85,000 kwa siku, na mkataba ukaandikwa notisi ya mwezi mmoja. Kazi ya kudumu hawakuirudisha. Wale wawili walioandika mapema wanalipwa 70,000, na hawakupata notisi.

Mtoto wa mpwa wangu amezaliwa salama, ni wa kike. Pikipiki hakununua. Kila mwezi anajiwekea mwenyewe fedha NSSF, na mkataba ukikaribia kwisha wote wanne wamekubaliana kwenda tena pamoja.

Ndugu mfanyakazi, ukiletewa karatasi ya namna hii, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Ipeleke kwa katibu wa tawi lako. Hesabu mwaka mzima, pamoja na siku za kuugua. Kisha watafute wenzako kabla hujarudi ofisini, maana peke yako meneja hakosi wa kuweka mahali pako.