Afrika ya Kusini: « Huku hakuna vita » haitoshi

Familia ya Bukavu, Uvira ao Goma ikipanga kutuma mtoto Afrika ya Kusini, swali la kwanza kwa ndugu aliye kule ni moja: kuko vita? Jibu linakuja mbio: « Hapana, huku hakuna masasi ya vita, mukuje tu. » Jibu ni la kweli. Shida iko katika swali lenyewe.

Kule hakuna kundi la waasi linaloteka miji. Lakini kati ya Aprili 2022 na Machi 2023 polisi ya nchi hiyo iliandika mauaji zaidi ya 27,000, ni kusema karibu watu 45 kwa kila wakaaji 100,000. Wastani wa dunia nzima ni karibu 6. Mtu aliyezoea kuhesabu hatari kwa sauti ya mizinga anaweza kufika Johannesburg akatembea na simu mkononi usiku, akidhani ameponyoka.

Tena hesabu ya nchi nzima haisemi mengi juu ya mtaa ambamo mtu atalala. Mu Cape Town peke yake, Nyanga ilishika kwa miaka mingi nafasi ya kwanza ya mauaji katika nchi, na Sea Point, mtaa wa pembeni ya bahari, ni maisha mengine kabisa. Mji ni mmoja. Bahati nzuri, polisi inatangaza hesabu kila miezi mitatu, kituo kwa kituo, na vituo vinapita 1,100. Kijana mwenye intaneti anaweza kutafuta jina la kituo cha mtaa wa ndugu yake.

Kusoma hesabu hizo kunaomba akili kidogo. Katikati ya mji mkubwa wizi unaonekana mwingi sana, kwa sababu maelfu ya watu wanaingia mchana na kurudi kwao jioni. Na pale wizi unaonekana kidogo, pengine watu hawaendi kushitaki: mgeni asiye na makaratasi haendi polisi juu ya simu iliyoibwa. Ndiyo maana inafaa kuangalia mauaji kwanza. Maiti haifichwi kwa urahisi.

Kuko hatari nyingine ambayo inamgusa mgeni zaidi. Mei 2008 watu walianza kushambulia wageni mu Alexandra, Johannesburg, kisha moto ukasambaa mu nchi. Walikufa 62, na 21 kati yao walikuwa wenyeji. Ikarudi 2015, kuanzia Durban, na tena 2019 mu Johannesburg. Mara nyingi inaanzia mu mitaa ya maskini, na butike za wageni ndizo zinaporwa mbele. Kwa hiyo mwenye kufungua butike ndani ya mtaa kama huo hana hatari sawa na mwenye kulipisha chumba katikati ya mji, hata kama wote ni Wakongomani.

Makaratasi nayo ni usalama. Afrika ya Kusini haina kambi za wakimbizi. Mwomba hifadhi anaishi mjini na karatasi yenye kuisha na kufanywa upya. Ikiisha, benki inafunga mlango, basi feza inakaa mfukoni ao chini ya godoro, na wezi wanajua hilo. Wanaopita porini karibu na mpaka wa Beitbridge, juu ya kukosa makaratasi, wanakutana na wanyang'anyi wanaoitwa magumaguma, na wanawake wengi wamebakwa pale.

Basi ndugu aulizwe maswali mengine. Anarudi kazini saa ngapi, na kwa miguu ao kwa taksi? Bibi yake anaweza kwenda butike saa mbili ya usiku? Mara ya mwisho walihama nyumba juu ya nini? Kisha aulizwe mtu wa pili, wa mtaa mwingine, asiyengojea kitu mu safari hiyo. Mwenye kuona haya kusema kwa maneno kwamba maisha ni magumu, aombwe tu kupiga simu ya video saa tatu ya usiku, akisimama inje mbele ya mlango wake. Akikataa kutoka, familia imepata jibu.